Supu ya pweza na kamba kwa njia ya mkato: tupeane uzoefu

Mla Pweza (Dar)
Wakuu, habari za jioni. Supu ya pweza ya pale barabarani naipenda sana, lakini kuipika nyumbani siku ya kazi ni shughuli pevu. Unachemsha saa nzima na zaidi, na mtungi wa gesi ndio huo unaisha. Siku hizi nanunua pweza soko la samaki la Feri Jumamosi asubuhi, muuzaji ananisafishia palepale: anatoa wino, macho na lile domo gumu. Nikifika nyumbani namkata vipande, namtia friza. Akishaganda nyama hulegea, kwa hiyo hata ile kazi ya kumpigapiga unaikwepa.

Siku ya kupika natumia presha kuka. Kitunguu maji, tangawizi ya kuponda, kitunguu saumu, na maji kikombe kimoja tu kwa kilo, maana pweza anatoa maji yake mwenyewe. Dakika 20 tangu ianze kupiga filimbi. Ndimu na pilipili manga mwishoni. Chumvi usitie mpaka uonje, mnyama ametoka baharini huyo.

Ninyi mnafanyaje? Hasa wa kamba, ngisi na samaki. Zile stori za nguvu za kiume zina uzi wake, tafadhali.

Bi Mkunazi (Unguja)
Mwanangu, wengine hatuna hiyo presha kuka. Mimi natia kipande cha papai bichi na ganda lake sufuriani, pweza analainika mapema. Akiiva nalitoa, nalitupa. Ukilisahau humo, nyama inakuwa uji.

Dada wa Likoni
Salama jamani. Ladha ya supu ya kamba iko kichwani, na kichwa ndicho watu wanachotupa! Mie hununua kamba na vichwa vyao, nikamenya, nyama nikaiweka kando. Sufuria mekoni, mafuta vijiko viwili, moto mkali, natia vichwa na maganda. Mwanzo hutoa maji na harufu ya pwani hasa, jirani atajua unapika nini. Usiondoke. Maji yakikauka utasikia yanaanza kulia, maganda yanageuka rangi ya chungwa, na mafuta yenyewe yanakuwa mekundu. Hapo navisaga vichwa kwa mwiko palepale sufuriani mpaka vitoe vya ndani vyote, natia nyanya na kitunguu saumu, kisha lita moja ya maji ya moto. Dakika 15 nachuja.

Hiyo ndiyo supu, yaliyobaki ni nyongeza tu. Viazi vya kukatwa vidogo vidogo, pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, nusu kopo la tui. Tui likishaingia punguza moto, likichemka sana linakatika. Nyama ya kamba huingia mwisho kabisa, ikijikunja na kugeuka rangi nazima: dakika 2 au 3. Bwana akichelewa kutoka kazini simsubiri, atakuta kamba wagumu na atakula hivyo hivyo.

Siku nisiyopika supu maganda hukusanya kwenye mfuko, yakakaa frizani. Mfuko ukijaa, supu iko tayari nusu.

Kaka Mkubwa
Dada, na vile vidonge vya supu je? Si ndiyo njia ya mkato yenyewe?

Dada wa Likoni
Kaka, tia ukipenda. Lakini supu yako itanukia kuku, na kamba umemlipia bei ya kamba.

Mtoto wa Tanga
Kwetu kidonge ni uduvi mkavu. Ukaange bila mafuta dakika moja, usage kwenye blenda, uhifadhi kwenye chupa kavu. Kijiko kimoja kwenye supu ya samaki yeyote kinatosha. Upepete kwanza, una mchanga.

Baridi Kali (Hamburg)
Sisi wa huku tunanunua ule mfuko wa kugandishwa wenye kamba, ngisi na kome waliochanganywa. Kasoro yake ni kwamba hawaivi pamoja. Ngisi anataka dakika 2, au umpike muda mrefu kabisa. Ukimtoa katikati ni raba. Ninachofanya, natengeneza mchuzi wa nyanya, bizari nyembamba na ndimu mpaka uwe tayari, halafu mfuko mzima unaingia ukiwa umeshayeyuka na kuchujwa maji. Ukichemka tena, nazima. Kama kamba ni wa rangi ya waridi tokea dukani, mara nyingi wameshapikwa hao, unawapasha tu.

Abu Salma (Muscat)
Huku ndimu kavu ndiyo mpango. Itoboe kwa uma, itumbukize nzima kwenye supu ya kichwa cha samaki. Usiiponde, utalalamika uchungu.

Mla Pweza (Dar)
Dada wa Likoni umenimaliza. Jumamosi nikienda Feri, wale wanaouza kamba waliomenywa nikiwaomba vichwa watanipa?

Dada wa Likoni
Huko Dar sijui, muombe mapema kabla hajavimwaga. Vinuse kwanza, kichwa huharibika upesi kuliko nyama. Cheusi kinacholegea kiache hukohuko. Na ubebe ndoo yenye mfuniko, usije ukagombana na watu kwenye daladala.