Mrejesho: vigae vya sola badala ya mabati, Dodoma

Nawashukuru wote mlionijibu nilipouliza kama vigae vya sola, yaani vigae vya paa vinavyozalisha umeme wa jua, vinaweza kuchukua nafasi ya mabati bila joto la Dodoma kula umeme wake. Nilifuata ushauri wa kupigilia papi (mbao nyembamba za kushikilia vigae) za wima chini ya zile za kulala, na kuacha upenyo kwenye upenu na chini ya kofia ya kileleni mwa paa, ili hewa ya moto ipande na kutoka. Seli za silikoni zinazozalisha umeme ndani ya vigae hupoteza takriban asilimia 0.3 hadi 0.5 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayozidi 25, na vigae visivyopata hewa kwa nyuma huchemka kuliko paneli zilizoinuliwa. Sasa friji na pampu ya maji hufanya kazi mchana kwa umeme wa paa pekee.

Ushauri wa kuelekeza vigae vyote kaskazini haukuwezekana, kwani mwembe wa jirani (ambao siuombei mabaya) hutia kivuli upande huo. Pale miteremko miwili inapokutana bado panavuja mvua ikiambatana na upepo, ingawa fundi ameshaongeza bati la kukinga; silikoni ya kuziba peke yake haikusaidia kitu.