Jogoo wa mavuno

Kikundi: WANA WA KIHAMBA
Jumapili usiku

Mama: Bwana Yesu asifiwe wanangu. Mavuno ya kanisani yameisha salama. Ibada ndefu, mnada mrefu zaidi, miguu imevimba.

Dada Aika: Amina mama, shikamoo. Ndiyo kwanza naamka, nilikuwa zamu ya usiku. Ulipeleka nini?

Mama: Marahaba. Mkungu wa ndizi mshare, na yule jogoo mwekundu.

Elibariki: Shikamoo mama. Jogoo mwekundu?? Si ulisema ananisubiri mimi Desemba?

Mama: Marahaba baba. Sasa nimpelekee Mungu kifaranga chenye kideri?

Dada Aika: 😂😂

Elibariki: Mama nina neno. Kuna jamaa wa hapo kijijini kanipigia, anacheka hadi anakohoa. Eti jina langu limesomwa kanisani. Elfu mbili.

Mama: Ndiyo. Ulituma Ijumaa. Nikaitoa kwa wakala, nikatia kwenye bahasha, nikaandika Elibariki. Makato nimelipa mimi.

Elibariki: Nilituma ununue SUKARI mama. Nani alisema sadaka? Na kabla yangu kasomwa nani?

Mama: Yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Laki tatu.

Elibariki: Haya. Laki tatu, halafu mimi.

Shemeji Hamisi: Pole shem. Sisi kwetu Tanga ukiulizwa hali unajibu alhamdulillah hata kama jiko halijawashwa tangu jana.

Elibariki: Ndiyo maana hamdaiki. Mtu anadai deni lake, anajibiwa alhamdulillah.

Shemeji Hamisi: 🤣 Hiyo ya mwezi uliopita nakumbuka.

Elibariki: Mimi sitanii lakini. Wiki hii pikipiki imelala kwa fundi siku 3. Hesabu ya tajiri haijui kama pikipiki imelala, inataka elfu 10 kila jioni. Mkataba umebaki miezi 4. Ningekuwa na cha kushukuru ningeandika bahasha mwenyewe.

Baba Mdogo: ⏩ Tuma sala hii kwa watu 12 kabla ya saa sita usiku nawe utapokea muujiza...

Dada Aika: Baba mdogo jamani.

Baba Mdogo: Samahani, nimebonyeza vibaya.

Dada Aika: Eli, ngoja nikwambie ya leo. Saa kumi alfajiri umeme umekatika, kichwa cha mtoto ndiyo kinatoka. Jenereta kimya. Simu nimeibana kwa kidevu, tochi inamulika, mikono yote iko kazini. Mtoto katoka, halii. Nikamsugua mgongo. Nikasugua. Nikasugua tena, ndipo akalia. Yule mama akaniuliza kitu kimoja tu, ana vidole vyote? Nikamulika, nikahesabu. Mikono kumi, miguu kumi. Kwenye daladala nikafumba macho, kondakta anawaambia watu msimsumbue nesi, kalala. Sijalala. Nilikuwa bado nahesabu vile vidole. Sala yangu ya leo ilikuwa hiyo, sikuwa na maneno mengine.

Shemeji Hamisi: Kumbe. Mimi ulipofika uliniambia tu "chai iko wapi".

Dada Aika: Na haikuwepo.

Baba Mdogo: Eli, sikia. Miaka ya 60, ule ugonjwa wa chulebuni ulipoingia kwenye kahawa, babu yako alipeleka mavuno debe halijajaa hata nusu. Akalifunika kwa jani la mgomba. Mnadishaji akalifunua jani mbele ya watu wote! Baba alirudi nyumbani hasemi na mtu hadi Jumatano, mama anamwekea chakula anakula anaondoka. Mwaka uliofuata akapeleka nusu debe tena. Bila jani.

Elibariki: Mimi jani langu mama kashalifunua.

Mama: Sikukufunua mwanangu. Majina yote ya nyumba hii niliyapeleka. Aika, Hamisi, wewe. Ningeacha lako?

Shemeji Hamisi: Na langu mama?

Mama: Na lako. Mchungaji aliuliza Hamisi ndiye nani, nikamwambia ni mwanangu.

Shemeji Hamisi: 🙏🏾

Elibariki: Jogoo je, kaenda bei gani?

Mama: Alinadiwa mpaka elfu 45. Kamchukua yule wa laki tatu. Halafu akasema mrudishieni Mama Aika.

Elibariki: Yule yule??

Mama: Yule yule. Yuko hapa, nimemfunga mguu wa meza. Anakusubiri.

Elibariki: Mama nauli ya Desemba bado sijaipata.

Mama: Mimi nimekuuliza nauli? Nimekwambia jogoo yupo.

Elibariki: Aika mae. Asante mama.

Elibariki: Nimetuma 3,000. Ya SUKARI.

Mama: Nimeiona. Sukari.