Mrejesho: nyumba ya urithi Tabata imeuzika

Wakuu, niliomba ushauri hapa kuhusu nyumba ya marehemu baba, vyumba vitatu, niliyoitangaza milioni 95 ikakaa miezi saba. Asanteni sana, tumeuza milioni 79.

Mthamini aliyesajiliwa alisema 78. Iliniuma, nikashusha hadi 82. Nilianza na bati lililovuja, ndipo nikabadilisha dari la sebuleni lenye madoa ya maji. Wateja wakaacha kutazama juu. Rangi ya nje ilikuwa hasara, maana mnunuzi anabomoa ukuta wa mbele aweke fremu za maduka.

Aliyesisitiza hati ihamie kwanza kwa jina la msimamizi wa mirathi, Mungu ambariki. Wateja wawili wa mwanzo walikimbia kwa sababu tu hati ilikuwa haijahamishwa.