Naomba ushauri: kibali cha kurusha roketi ndogo Mwanza

Habari zenu wakuu. Nasimamia kikundi cha sayansi cha vijana hapa Ilemela. Wametengeneza roketi ya karatasi ngumu yenye parachuti, na wana hamu kweli ya kuirusha kwenye uwanja wa wazi wa mtaa.

Wasiwasi wangu mkubwa ni ndege, maana uwanja wa ndege wa Mwanza uko huku huku kwetu, kando ya ziwa. Marekani, roketi ya karatasi isiyozidi gramu 1,500, yenye fueli inayowaka polepole isiyozidi gramu 125, haihitaji kibali cha mamlaka ya anga, mradi isihatarishe watu, mali wala ndege. Kwetu je? Nianzie TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania), polisi, au kwa mtendaji wa mtaa? Na injini za baruti zinahesabika kuwa vilipuzi?

Aliyewahi kufuatilia kibali cha namna hii anielekeze, tafadhali. Vijana hawa wanastahili kurusha kihalali.