Wasusi wasio na kitambulisho kinachokubaliwa: tupite wapi katika uhakiki wa soko la mtandaoni?

Katibu wa wasusi, Nakivale

Ndugu zangu, salamu kutoka Nakivale. Mimi ni katibu wa kikundi cha wasusi wa vikapu na washonaji wa mifuko ya vitenge hapa katika makazi ya wakimbizi, wilayani Isingiro. Wengi wetu tulitoka Kongo, wachache Burundi, na tunao pia akina mama raia wa Uganda wanaotoka vijiji vya jirani. Tunauza kazi zetu kupitia soko moja la mtandaoni la ng'ambo, na akaunti ilifunguliwa kwa jina la mwenzetu mmoja kwa sababu ndiye aliyekuwa na simu ya kufaa na Kiingereza cha kuwajibu wateja.

Mauzo yalipoongezeka, soko lilimtaka athibitishe utambulisho wake kwa kupiga picha ya kitambulisho, kisha picha ya uso wake huku akigeuza kichwa jinsi programu inavyomwelekeza. Nyaraka zinazokubaliwa ni pasipoti, kitambulisho cha taifa na leseni ya udereva. Yeye anacho kitambulisho cha mkimbizi kilichotolewa na OPM, yaani Ofisi ya Waziri Mkuu, chenye picha, jina na tarehe ya kuzaliwa, lakini programu imekikataa kila alipokiweka. Sasa akaunti imesimamishwa, na malipo ya vikapu ambavyo wateja wamekwisha kuvipokea yamezuiliwa.

Ndani ya kikundi kumetokea mawazo mawili. Kuna kijana wa mjini anayeuza akaunti zilizokwisha kuhakikiwa, na baadhi yetu wanataka tumlipe. Wengine wanasema tutumie endagamuntu, yaani kitambulisho cha taifa, ya mmoja wa wenzetu raia, yeye aonyeshe uso, na sisi tuendelee na kazi. Hoja yao ni kwamba vikapu ni vyetu kweli, mteja anakipata alichokilipia, kwa hiyo hakuna anayedhulumiwa. Mimi moyo wangu unasita, lakini sina njia nyingine ya kuwapa watu wanaodai ujira wao. Naomba kujua kama ipo njia ya halali, na kama ni sheria inayowabana watu wa soko au ni orodha waliyojitungia wenyewe.

Muuza sanaa, Kampala

Ndugu Katibu, moyo wako unasita kwa sababu nzuri. Akaunti ya kununua usiiguse. Aliyeihakiki ndiye mwenye akaunti mbele ya soko, mbele ya benki na mbele ya wakusanya kodi, na siku soko litakapotaka picha ya uso kwa mara nyingine, kama masoko mengi yanavyofanya pale simu au mahali pa kuingilia panapobadilika, mtalazimika kumrudia kijana yule na kumlipa bei atakayoitaka. Akiamua kubadilisha namba ya benki, pesa zitakwenda kwake, na hamtakuwa na pa kulalamika, kwa kuwa hata kwa maandishi yenu wenyewe akaunti si yenu. Isitoshe, wanaouza akaunti kwa kawaida hawauzii wasusi peke yao. Akaunti zilizofunguliwa kwa simu ileile au kwa anwani ileile huunganishwa na mifumo ya soko, na mmoja wa wateja wake akikamatwa kwa wizi nanyi mtafungiwa pamoja naye.

Ukaguzi wenyewe siulaumu. Sisi wauzaji wa Kampala tumeumizwa sana na watu wanaoiba picha za bidhaa zetu, wakapokea malipo ya wateja na kupotea, na mteja aliyeibiwa mara moja huogopa kila kitu kinachotoka Uganda. Ninachokilaumu ni mlango kuwa mwembamba mno hata mtu mwenye karatasi halali ya serikali ashindwe kupita.

Angalieni pia jambo dogo linalowaangusha wengi. Wakongo wengi wana majina matatu, na mtu anapofungua akaunti huandika mawili. Programu hulinganisha herufi kwa herufi. Jina la akaunti, la kitambulisho na la akaunti ya benki yakitofautiana, hata pasipoti itakataliwa.

Msaidizi wa sheria, Mbarara

Katibu, swali lako la mwisho ndilo la msingi, na nitaanzia hapo.

Kwa upande wa Marekani ipo sheria iitwayo INFORM Consumers Act, iliyoanza kutumika tarehe 27 Juni 2023. Inayalazimisha masoko ya mtandaoni kukusanya na kuhakiki taarifa za wauzaji wakubwa, yaani wale waliofikisha mauzo 200 au zaidi pamoja na mapato ghafi ya dola 5,000 au zaidi katika miezi 12 mfululizo ndani ya miezi 24 iliyopita. Taarifa zinazotakiwa ni akaunti ya benki au jina la anayepokea malipo, mawasiliano, na namba ya mlipakodi. Sasa someni kwa makini sehemu inayowahusu wauzaji ambao si mtu mmoja mmoja: sheria inatoa nafasi mbili. Ama ipelekwe nakala ya kitambulisho cha serikali cha mtu anayetenda kwa niaba ya biashara, ama ipelekwe kumbukumbu ya serikali au hati ya kodi inayoonyesha jina la biashara na anwani ya mahali ilipo. Hakuna mahali ambapo sheria hiyo inasema pasipoti, kitambulisho cha taifa na leseni, basi.

Kwa upande wa Ulaya, Sheria ya Huduma za Kidijitali, ambayo sehemu zake kwa ujumla zilianza kutumika tarehe 17 Februari 2024, inaeleza katika kifungu cha 30 kwamba soko lipate jina, anwani, simu, taarifa za akaunti ya malipo, na nakala ya hati ya utambulisho ya mfanyabiashara au utambulisho mwingine wa kielektroniki. Masoko madogo yamesamehewa, lakini hilo mnalolitumia sidhani kama ni dogo. Kifungu hichohicho kinampa mfanyabiashara aliyekataliwa au kusimamishwa kwa sababu ya taarifa hizo haki ya kulalamika ndani ya soko, na kifungu cha 20 kinataka uamuzi juu ya malalamiko usimamiwe na wafanyakazi wenye ujuzi, usiachiwe mashine peke yake. Dirisha la kulalamika linapaswa kuwa wazi kwa angalau miezi sita. Kama soko lenu linawauzia wateja wa Ulaya, taja vifungu hivi kwa namba zake katika barua yako, kwa sababu barua inayotaja kifungu humfikia mtu anayeweza kuisoma.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba sheria inataka soko limjue muuzaji, na orodha fupi ya nyaraka kwa kawaida ni chaguo la soko au la kampuni inayolihudumia kwa malipo. Kampuni za malipo zina masharti yao ya kuzuia utakatishaji wa fedha, nayo huwa makali zaidi, hivyo msitarajie kwamba hoja ya kisheria peke yake itafungua pesa kesho.

Kuhusu nyaraka za mkimbizi, tofautisheni tatu. Atestesheni ya familia ni karatasi ya kuonyesha kwamba kaya imesajiliwa, na programu za ng'ambo haziwezi kuisoma. Kitambulisho cha mkimbizi ni hati halali ya serikali, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kupewa kitambulisho hicho. Hapa nchini thamani yake imekwisha kutambuliwa hata katika mawasiliano, kwa kuwa tangu mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano iliruhusu wakimbizi kusajili laini za simu kwa nyaraka za OPM. Hati ya tatu ni ile ya kusafiria inayotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa 1951, ambayo huombwa kupitia Idara ya Wakimbizi ya OPM. Mwenzenu akiwa nayo, achague "pasipoti" kwenye orodha, na nchi iliyotoa hati aandike Uganda, si Kongo. Katika mistari ya herufi inayosomwa na mashine, sehemu ya uraia huwekwa alama XXB, ambayo ni alama ya kimataifa ya mkimbizi anayetambuliwa na mkataba huo. Programu iliyotengenezwa bila kuijua alama hiyo itaona uraia usio wa nchi yoyote na kukataa. Ikitokea hivyo, msirudie kupiga picha. Ombeni kwa maandishi hati ikaguliwe na mtu, na elezeni alama hiyo ni nini.

Njia ambayo ningeifuata mimi ni kukisajili kikundi. Anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kaunti ndogo, mpate cheti, kisha muombe TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya kikundi kutoka URA, mamlaka ya mapato, na akaunti ya benki kwa jina lilelile. Hakikisheni anwani inaonyesha mahali hasa mlipo, kwa sababu sanduku la posta halitoshi pale sheria inapotaka anwani ya mahali. Baada ya hapo liombeni soko libadilishe akaunti kutoka ya mtu binafsi kuwa ya biashara. Msifungue akaunti mpya wakati ya zamani imesimamishwa, kwa maana masoko mengi huhesabu hilo kuwa ni kukwepa adhabu.

Mweka hazina wa SACCO, Isingiro

Nimesoma yote kwa makini. Ningependa kusema jambo moja ambalo wanasheria hulipita haraka.

Ndugu Katibu, kama mtasajili kikundi, soko bado linaweza kuomba kitambulisho cha msemaji mmoja, na hapo kila mtu atageuka kumtazama mama raia mwenye endagamuntu. Mimi ni raia, nimekaa na wakimbizi hapa miaka mingi, na nimeona kinachofuata. Aliyeanza kwa kuazimisha jina lake huanza kuulizwa kila jambo, baada ya muda huamua bei, na mwishowe hupokea pesa na kugawa atakavyo. Si lazima awe mwizi. Nafasi yenyewe humsukuma kuwa tajiri wa kikundi, na wasusi waliokianzisha hubaki vibarua wake. Kuwa msemaji aliyechaguliwa na mkutano, anayejulikana kwa soko kuwa ni msemaji, ni jambo la halali kabisa. Kujifanya kwamba biashara ni yake ni uongo utakaowadhuru nyote, naye akiwemo, kwa sababu kodi itadaiwa kwake.

Kwa hiyo andikeni muhtasari wa mkutano unaomtaja msemaji, muda wake na mipaka yake. Akaunti ya benki iwe na watia saini watatu, na angalau mmoja wao awe mkimbizi ikiwa benki inakubali nyaraka zake. Neno la siri la akaunti ya soko lijulikane na zaidi ya mtu mmoja. Risiti za kila mzigo zisomwe mbele ya wanachama wote, hata wasiojua kusoma.

Tena tusidhani kwamba tatizo hili ni la wakimbizi pekee. Ripoti ya mashirika ya haki za binadamu ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba hadi theluthi moja ya watu wazima nchini hawakuwa na kadi ya taifa. Kadi za kwanza zilizotolewa kuanzia 2014 zilikuwa za miaka kumi, kwa hiyo nyingi zimefikia mwisho wake, na mtu mwenye namba ya utambulisho wa taifa (NIN) bila kadi mkononi hana cha kupiga picha. Wamaragoli wa Kiryandongo wamehangaika miaka mingi kwa sababu kabila lao halimo katika orodha ya Katiba. Katika kikundi chetu wapo wazee ambao alama za vidole zimefutika kwa jembe. Masoko ya hapahapa Uganda yangeweza kuomba namba ya NIN ihakikiwe moja kwa moja na NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho, kama kampuni za simu zinavyofanya, na inaniuma kuona baadhi yao wakiiga orodha za wageni badala yake.

Katibu wa wasusi, Nakivale

Ahsanteni sana, ndugu zangu, na shikamoo Mama Mweka hazina. Nimewasomea wenzangu majibu haya jioni chini ya turubai letu la kazi, na habari ya kununua akaunti imekwisha. Mwenzetu hana hati ya kusafiria, ataiomba, lakini tunafahamu kwamba huchukua muda. Tumekubaliana kusajili kikundi kwanza. Jambo linalotusumbua bado ni zile pesa zilizozuiliwa: je, zinaweza kutoka kabla ya usajili kukamilika?

Msaidizi wa sheria, Mbarara

Zinaweza, ingawa siwezi kukuahidi. Mwandike barua mbili tofauti, msizichanganye. Ya kwanza ni ya kupinga kukataliwa kwa kitambulisho cha OPM, ikiambatana na picha safi ya pande zote mbili, pembe nne zikionekana, na maelezo mafupi kwamba Uganda inakitoa chini ya sheria yake. Ya pili ihusu pesa peke yake: taja namba za oda zilizokwisha kupokelewa, uliza ni kifungu gani cha masharti yao kinachoruhusu kuzizuia, ni hati gani mbadala watakayoipokea ili kuzitoa, na ni lini zitarudishwa kwa wateja kama hazitatolewa. Barua zote mbili ziandikwe na mwenye akaunti, kwa jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inayo haki ya kupinga uamuzi uliofanywa na mashine peke yake, lakini kwa makampuni yaliyo nje ya nchi inazungumzia data za raia wa Uganda, kwa hiyo kwa mwenzenu msiitegemee sana. Tumieni zaidi masharti ya soko na vile vifungu vya Ulaya. Rasimu zikiwa tayari, ziweke hapa bila majina wala namba, nizipitie kabla hamjazituma.