Fundi amenipigia kikombe cha beringi na patasi, nusura nimalizike Mai Mahiu

Wasee nianze na swali. Ni fundi gani anagonga kikombe cha beringi (ile pete ya chuma roli zinatembea ndani yake) na patasi? Si presi, si kipande cha shaba, patasi ya kukata chuma, tena kwa gari inashuka Mai Mahiu na tani tatu na nusu mgongoni.

Canter yangu ni ya zamani sikatai, niko nayo mwaka wa tisa na imesomesha watoto wawili, kwa hivyo asikuje mtu hapa kuniambia niuze ninunue mpya. Jumatatu niliipeleka garage moja huko Industrial Area juu gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa linanguruma ukifika 50 hivi, na ile tairi ya ndani ilikuwa na jasho la oili. Fundi akapiga jeki, akalizungusha, akaweka sikio kama daktari, akasema ni beringi zote mbili, sili (ule mpira unazuia oili), na laining'i za breki za nyuma pande zote. 18,500 na kazi ikiwa ndani. Nikalipa nusu nikaenda Gikomba kufuatilia deni langu, na hapo ndio nilikosea, hii kazi usibanduke hata kama njaa inakuua. Kurudi saa kumi na moja gari iko chini, kila kitu kimefungwa, kijana ananawa mikono na petroli ananiambia iko fiti mkubwa, wewe piga kazi. Nikamaliza pesa yake.

Jumatano nikapakia simiti mifuko 70 ya Narok. Hadi Rironi hakuna neno. Tumeanza kuteremka escarpment tanboi ananiuliza mzee unasikia hiyo harufu, nikamwambia ni ile trela iko mbele, si unajua kila mtu hudhani kinachonuka ni cha jirani. Kona mbili baadaye pedali imeanza kushuka. Nakanyaga inashika, nakanyaga tena inashika chini zaidi, halafu ikafika mahali nakanyaga ni kama nakanyaga sponji. Wenye wanajua breki za dramu wanaelewa, dramu ikipata moto sana inapanuka inakimbia viatu (vile vyuma vinabeba laining'i), laining'i nayo ikichemka haishiki tena, na mimi hapo magurudumu matatu yanafanya kazi ya manne na sijui. Nikapigania gia hadi ya pili, injini ikalia mpaka nikajua inapasuka, tanboi ashafungua mlango ananing'inia na jiwe mkononi, akaruka tukiwa mwendo wa mtu na miguu akalirusha chini ya tairi. Tulisimama mbele kidogo tu ya kale kakanisa kalijengwa na wafungwa Waitaliano 1942. Mimi si mtu wa kanisa sana lakini siku hiyo nilikaangalia vizuri.

Habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma kushoto ukiimwagia maji inalia chwaaa yanaisha yote.

Nikaletewa fundi mzee wa hapo Mai Mahiu, mtu wa maneno kidogo, na sasa ndio hasira yangu ilianza hasa, juu kila kitu alifungua alikuwa ananiita nione. Kwanza nati za tairi. Upande wa kushoto kwa hizi gari stadi (boliti za gurudumu) zinafunguka kinyume, imepigwa chapa L kabisa hata mtoto anasoma, lakini yule kijana wa town alilazimisha na bomba ndefu mpaka stadi mbili zikala nyuzi, akazirudisha hivyo hivyo na nati juu kama mapambo. Mbili kati ya tano wasee, na mzigo ni wa tairi mbili mbili!

Ndani ikawa mbaya zaidi. Beringi ya ndani ni mpya, kweli, lakini kikombe chake ni kile cha zamani, kina vishimo vishimo na alama za patasi kwa ukingo, maanake alijaribu kukitoa kikamshinda akaamua kibaki. Kikombe na beringi vinakuja pamoja kwa boksi moja na vinatembea pamoja, hiyo huhitaji kusomea. Ukiweka roli mpya juu ya njia iliyolika unaanza kuiua siku hiyo hiyo. Kikombe kipya nililipia, mtu aniambie kiko wapi.

Halafu nati ya habu aliikaza kwa nguvu zake zote akidhani kukaza ndio kufunga vizuri. Yule mzee alinionyesha pole pole kama ananifundisha mimi kazi, unapaka grisi kwa kiganja unaisukuma beringi ndani yake mpaka itokee upande ule mwingine katikati ya roli, si kupaka juu juu kama mkate, unafunga nati huku unazungusha habu ndio roli zikae, unailegeza, halafu unairudisha kidogo tu, habu izunguke kwa mkono bila kucheza, ndio unapiga loki. Dakika kumi. Yangu ilikuwa haizunguki hata ukiisukuma na watu wawili. Sasa beringi imekazwa hivyo itafanya nini kama si kuchemka, grisi ikayeyuka ikatiririka, na sili nayo (ile ile ya zamani, amepaka silikoni nyekundu kwa ukingo ndio ionekane mpya) ikaachilia, oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma) ikaingia kwa dramu. Laining'i mpya kabisa zimelowa kama mandazi kwa chai. Na laining'i ikishanyonya oili imekwisha, usidanganywe ati utaichoma moto ikauke.

Kulia hakukuwa na oili lakini mipira ya silinda ya breki ilikuwa imevimba, viatu havirudi. Ameosha na petroli. Mpira wa breki hauguswi na petroli wala dizeli, unaoshwa na mafuta ya breki yenyewe, jamani. Na hayo mafuta ya breki hakubadilisha, yalikuwa meusi kama kahawa. DOT 3, ndio aina ya hayo mafuta, ikiwa mpya inachemka kama digrii 205, ikishanyonya maji inaweza kushuka mpaka 140, na ikichemka ndani ya paipu ndio ile sponji niliyokanyaga.

Spea zikatoka Kirinyaga Road na matatu jioni, tukalala kwa gari siku mbili, mwenye simiti akatafuta lori lingine na faulisho nikalipa mimi. Jumla imenitoka 31,000 juu ya ile ya kwanza.

Nikampigia huyo fundi wa Nairobi. Mnajua alisema nini? Ati bosi nilipakia sana. Mifuko 70! Ile ile gari imekuwa ikibeba tangu 2016. Nikamwambia nina kikombe chake chenye alama za patasi kwa gazeti, akanyamaza, halafu akasema nilete gari aangalie, lakini nije na 3,000 ya kufungua.

Ijumaa naenda, bila gari, na hilo gazeti. Nitawaambia imeendaje.

Na kama kuna mtu anajua mahali huko Kariobangi Light Industries wanapima dramu kabla ya kuiweka kwa leithi anitajie. Zangu zina ukingo wa kushika kucha, saizi ya mwisho imeandikwa kwa dramu yenyewe, na wawili nimeuliza wote wameniambia leta tu tutachonga, hakuna hata mmoja ameuliza imebaki ngapi.