Acheni kutudanganya na "gari la kazi": pikapu nyingi hazifanyi kazi yoyote

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimechoka, na lugha ikiwa kali mnivumilie.

Nimechoka kuambiwa "hili ni gari la kazi, braza" na mtu ambaye bodi la pikapu yake, pale nyuma pa mizigo, halijawahi kuguswa hata na kipande cha mbao. Kazi gani hiyo isiyoacha mkwaruzo? Mimi ni seremala na huwa naezeka pia. Maisha yangu yote ni kuhamisha vitu virefu, vizito na vichafu kutoka pale kwenda hapa. Kwa hiyo mtu akiniambia habari za gari la kazi, namsikiliza kwa makini sana, halafu naangalia nyuma ya gari lake.

Tuanze na vipimo, maana porojo hazipimiki kwa futikamba. Plaiwudi ya kawaida ina upana wa mita 1.22 na urefu wa mita 2.44. Bodi la Hilux ya kebini mbili lina urefu wa kama mita moja na nusu. Kati ya yale matao ya tairi plaiwudi hailali sawasawa, haitoshi upana, kwa hiyo unailaza juu ya matao ikiwa imepanda, na karibu mita nzima inabaki inaning'inia nyuma. Unaacha mlango wa nyuma wazi, unafunga kamba, unatundika kitambaa chekundu, kisha unaendesha safari nzima ukichungulia kioo kama mwizi. Hiyo ni plaiwudi. Bati la mita tatu sitaki hata kulizungumzia.

Kuna jamaa, jina lake silitaji, alijitolea kunibebea mzigo wa kazi. Pikapu yake ya kebini mbili, ngao mbele, taa za ziada juu, rimu ambazo bei yake ni bora nisiijue. Nikamshukuru. Tulipofika kupakia akatoa blanketi. Blanketi, wakuu. Akalitandika kwenye bodi, juu yake akaweka godoro la sponji, halafu akasimama pale mikono kiunoni akituelekeza: "Taratibu hiyo kona. Usiburute. Mkanda wako una chuma, hebu uvue." Kokoto akazikataa kabisa, eti zitachubua rangi. Misumari akaomba iwekwe ndani ya kebini, kisha akabadili mawazo akasema ndani kuna ngozi. Mbao zenyewe zilikuwa ndefu mno, zikaegemezwa juu ya paa, na hapo ndipo alipokaribia kulia.

Tukaita kirikuu. Kile kigari kidogo cha Suzuki Carry, kimepondeka kona zote, taa moja imefungwa kwa gundi ya karatasi. Dereva akashuka, akaangusha kuta za bodi pande zote tatu, likawa kama meza. Tukapakia kwa ubavuni bila kurusha kitu juu ya bega, kwa sababu sakafu yake iko chini. Mbao, kokoto kwenye viroba, misumari, ngazi, vyote vikaingia. Na hakuna mtu aliyevuliwa mkanda.

Sasa nataka mniambie, hapo gari la kazi lilikuwa lipi?

Na hili si suala la bahati. Vile vigari vimetungwa na sheria. Japani ina daraja la magari madogo ambayo hayaruhusiwi kuzidi urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48 na injini ya cc 660. Waliotengeneza malori ya daraja hilo walibanwa kila upande, kwa hiyo dereva wakamsogeza mbele kabisa, injini wakaificha chini, na kilichobaki chote wakakifanya bodi. Bodi la Carry linakaribia urefu wa mita 1.9. Chukua Ford F-150 ya kebini kubwa yenye bodi fupi: gari lina urefu wa karibu mita 5.9, bodi lake mita 1.7 hivi. Rudia kusoma. Gari lenye urefu wa mita mbili na nusu zaidi lina bodi fupi zaidi.

Najua mtu anayeandika sasa hivi "uzito je?" Sawa, kisheria malori hayo ya Kijapani yanabeba kilo 350 tu, na pikapu ya kawaida inafika hata tani moja. Hapo nakubali bila ubishi. Lakini hebu tuiangalie hiyo tani, maana wengi wenu mnaitamka bila kuisoma kwenye karatasi ya gari. Tani moja ni pamoja na watu. Wapakie watu wazima watano wa kilo 75, umeshatumia kilo 375. Zimebaki kilo 625, yaani mifuko kumi na miwili ya saruji, na wa kumi na tatu umezidisha. Na mchanga? Mita moja ya ujazo ni kama tani moja na nusu, ukiwa umelowa ni zaidi. Bodi la kebini mbili likijaa mchanga mpaka ukingoni, ujue umeshapita uwezo wa gari kwa mbali. Ndiyo maana zile springi zinalala, mbele kunanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi, na taa zinamulika ndege. Kwa hiyo hata hao wachache wanaobeba, wengi wanabeba kimakosa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba zamani kitu hiki kilikuwa na akili. Ford ilipoanza kuuza Model T yenye bodi la mizigo kutoka kiwandani mwaka 1925, ilikuwa viti viwili mbele na sanduku nyuma, basi. Hilux ilipotoka mwaka 1968 nayo ilikuwa hivyo hivyo: kebini moja, bodi refu, haina mbwembwe. F-150 za mwanzo, ukijumlisha sehemu ya watu na ya mzigo, theluthi mbili hivi ilikuwa bodi. Siku hizi imegeuka, kebini ndiyo imekula theluthi mbili. Mnauziwa gari la saluni lililoinuliwa, likakatwa kisigino, mkaambiwa ni lori.

Tena nani alituchagulia? Si fundi. Sehemu kubwa ya ukubwa huu ilitokana na mambo ya ushuru na kanuni za Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani na nchi za Ulaya ziligombana kuhusu kuku. Ulaya ilipandisha ushuru wa kuku kutoka Marekani. Rais Lyndon Johnson akajibu mwaka 1963 kwa kuweka ushuru wa asilimia 25 kwenye malori mepesi yanayotoka nje. Kuku walishasahaulika, ushuru upo mpaka leo. Pikapu ndogo za bei nafuu kutoka nje zikawekewa kigingi mlangoni mwa soko kubwa kuliko yote la pikapu, na viwanda vya kule vikabaki kushindana kwa ukubwa na faida. Kisha sheria ya mwaka 1975 ya kubana matumizi ya mafuta ikaja na viwango vyake, na malori mepesi yakawekewa kiwango laini kuliko magari madogo. Baadaye wakaanza kupanga kiwango kwa kuangalia eneo lililo kati ya magurudumu manne: gari likiwa pana na refu, kiwango chake cha kubana mafuta kinalegezwa. Ukimwekea mtengenezaji kanuni kama hiyo atafanya nini? Atatanua. Halafu wewe unayeishi mbali na mambo hayo yote unatanuliwa naye.

Sasa mje na ile hoja ya "lakini watu wanazitumia". Kampuni ya utafiti ya Marekani, Strategic Vision, iliwauliza wenye pikapu. Takwimu zao zilizotajwa sana mwaka 2019 zinasema asilimia 75 huvuta trela mara moja kwa mwaka au hawavuti kabisa. Karibu asilimia 70 hutoka nje ya barabara mara moja kwa mwaka au hawatoki kabisa. Wanaobeba mzigo mara moja kwa mwaka au wasiobeba kabisa ni asilimia 35. Nitakuwa mkweli, hiyo ya mwisho ni ndogo kuliko nilivyotegemea, maana yake wengi wanabeba kitu zaidi ya mara moja. Ila "kitu" ni neno pana. Begi la safari nalo ni mzigo.

Na bado mngekuwa mnajiumiza wenyewe tu, ningekaa kimya. Hayo maboneti yameinuka mpaka kifuani kwa mtu mzima. Mtoto akisimama mbele humuoni. Taasisi ya bima za usalama barabarani ya Marekani, IIHS, ilitoa utafiti mwaka 2023: magari ambayo ukingo wa mbele wa boneti umezidi kimo cha kama mita moja yana uwezekano wa karibu asilimia 45 zaidi wa kumuua mtembea kwa miguu anayegongwa, ukilinganisha na magari yenye boneti fupi lililolala. Gari la kawaida likikugonga linakupiga miguu na unaangukia juu ya boneti. Lile refu linakupiga kifua, unaenda chini yake. Kwa hiyo jirani yako anayetembea kwa miguu analipia picha yako ya kujimwambafai.

Sasa kabla povu halijatoka: sisemi pikapu haina kazi. Mafundi wa nguzo za umeme wanaoingia porini kwenye tope, daktari wa mifugo, mkulima ambaye njia ya shambani kwake ni mtaro, watu wa migodini, anayevuta mashua au trela la ng'ombe: hao wapewe, tena wapewe ya kebini moja yenye bodi refu. Kazi yenye samadi, mafuta machafu au kitu kinachonuka huwezi kuiweka ndani ya gari lenye paa. Hata ile ya kebini mbili, kikosi cha watu watano wenye vifaa kinachokwenda mbali kwenye barabara mbovu kinaihitaji kweli. Hao huwezi kuwakosea, bodi zao zimechakaa.

Lakini fundi wa mjini kama mimi? Ulaya mafundi bomba, mafundi umeme na maseremala wengi hutumia gari la boksi, Transit, Sprinter, Transporter. Sababu zinaeleweka hata ukiwa na hasira. Mvua haiingii. Spana zako unazifunga kwa ufunguo ukaenda kula. Sakafu iko karibu na magoti, hunyanyui kitu mpaka kifuani. Ndani unatengeneza rafu za vifaa, kila skrubu ina kisanduku chake. Kwenye pikapu vifaa vyote viko chini ya turubai, ukifika saiti nusu ya saa inaisha ukitafuta bisibisi iliyojificha kwenye kona ya mbele kabisa ya bodi, ambako lazima upande kwa tumbo ndipo uifikie. Ukishapanda kwa tumbo mara kadhaa mbele ya mteja utanielewa.

Na yule anayesema anabeba "mara moja moja", trela dogo nyuma ya saluni lingemtosha. Au akodi. Pesa ya mafuta anayochoma kila siku kuvuta tani mbili za chuma kwenda ofisini peke yake ingelipia kirikuu mpaka mwenye kirikuu ajenge nyumba.

Linalonichoma binafsi ni hili. Nilipokwenda kutafuta kebini moja, muuzaji alinitazama kana kwamba nimeomba mkokoteni. "Hizo haziendi sana siku hizi, bosi. Ila nina hii, ina kamera, ina viti vya ngozi." Nikamuuliza urefu wa bodi. Hakujua! Alijua skrini ina inchi ngapi. Bodi la gari la kazi hakulijua. Kwa hiyo mnaonunua kwa mbwembwe mmetupandishia bei sisi wengine, na zile tulizokuwa tunazihitaji zimeanza kukosekana kwenye maduka. Hapo ndipo hasira yangu inapotoka, msitafute kwingine.

NYONGEZA: Nimeona majibu. Aliyesema "una wivu kwa sababu huna", soma tena uzi, mimi nilikwenda na pesa mkononi nikakosa ninachotaka. Aliyesema pikapu ni salama zaidi kwa familia, tumeshaongea kuhusu boneti. Familia ya nani? Aliyesema "siku moja nitajenga, nitaihitaji", siku hiyo lori la mchanga litakuja lenyewe na litakumwagia tani saba kwa safari moja, wewe ukiwa umekaa kivulini.

Anayetaka kubishana aweke picha. Sitaki ya mbele wala ya rimu. Nataka picha ya bodi likiwa tupu, kwa karibu, mchana, nione rangi ya sakafu.